Mkono wa Kwanza Kuinuka

Kwa miaka mingi binti yangu Bryony alilipwa ili anyamaze, na hilo ndilo lililowashangaza watu wa Ossenby kuliko uzuri wake. Uzuri hatukuushangaa. Mama yake alikuwa mzuri, na bibi yake alikuwa mzuri mpaka vumbi la kiwanda cha sufu lilipomla mapafu. Lakini mtoto aliyekulia nyuma ya meza ya Norman Haigh, muuza vyombo, kupata riziki kwa kufunga mdomo? Hilo lilikuwa jambo la kukaa chini na kuliongea.

Norman Haigh ni mimi. Nimeuza sahani, vikombe na mabirika ya chai katika soko la Ossenby, huku kwetu Yorkshire, tangu nilipoacha shule ndevu hazijaota. Tulikuwa uwanjani, chini ya saa ya mji, mvua ikinyesha tunavuta turubai. Halafu halmashauri ikatuhamishia kwenye banda la zege nyuma ya kituo cha mabasi, mahali ambapo hata njiwa wanapotea. Walisema ni maendeleo. Sijawahi kumuona diwani hata mmoja akinunua bakuli kwangu, kabla ya maendeleo wala baada yake.

Kuuza vyombo kwa mtindo wetu si kuvipanga na kungoja. Unapanda juu ya kreti na kupaza sauti. Unazipanga sahani za seti nzima juu ya mkono wako, kubwa chini, ndogo juu yake, mabakuli yakifuata mpaka karibu na bega, zimefunguka kama mkia wa tausi. Unataja bei ya dukani, unaitukana, unaishusha, unaitukana tena. Mwisho unairusha seti nzima hewani na kuidaka, inalia kama paa limeanguka, akina mama wanashika kofia zao, na hakuna hata sahani moja iliyopata ufa. Baada ya hapo unauliza nani anachukua.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, kwa sababu watu wetu hawapendi kuwa wa kwanza. Ukimwambia mtu wa Ossenby nyumba yake inaungua, atageuka kwanza kuangalia kama jirani ameshaanza kukimbia. Wanaitaka ile seti, hela wanazo mfukoni, lakini wanatazama viatu vyao. Mpaka mkono mmoja uinuke. Ukishainuka mmoja, basi. Wanajipanga foleni bila kuambiwa, imenyooka mpaka kwa muuza samaki, na nusu yao hawajui kinachouzwa.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa mke wangu, Glenys. Siku ya kwanza kabisa aliuinua kwa kweli, alitaka seti ya chai ya maua ya buluu, nami nikamuoa. Tangu hapo aliuinua kila siku ya soko. Alikuwa na kofia tofauti tofauti, akidhani anajificha. Soko zima lilijua ni mke wangu. Haikujalisha. Mkono ni mkono.

Glenys alipougua walimwambia asubiri. Aliwekwa foleni na wakubwa ambao wao wenyewe hawajui foleni ni kitu gani, na zamu yake ilipofika hakuwepo tena. Sitaongeza neno hapo, maana nikianza sitafika kwa Bryony. Mkono wa kwanza ukachukuliwa na Doreen Sugden, muuza jibini wa meza ya pili, mjane, sauti yake kama mlango wa ghala. Doreen hakuvaa kofia. Alikuwa anafungua pochi huku anatembea, watu wakampisha.

Bryony alikua juu ya kreti langu. Kabla hajajua kusoma alikuwa anajua kumchokoza mwanamke aliyeshika sahani na kuirudisha. "Mama, umeishika kwa upendo hivyo, sasa utaiachaje yatima?" Watu walicheka, sahani ikaenda. Kitu kimoja tu alikatazwa na mama yake, kurusha seti. "Uso wa huyu mtoto," Glenys aliniambia, "usije ukaguswa na hata chembe ya kauri. Nimekwambia, Norman." Nami nilitii, kwa kuwa Glenys alikuwa ameshaona kitu ambacho mimi sikukiona.

Bwana mmoja wa kampuni ya nyuzi za kufumia alikuja kutafuta birika, akamkuta binti yangu juu ya kreti, na wiki mbili baadaye Bryony akapigwa picha amevaa sweta la vifungo, rangi ya haradali, kwenye kile kijikaratasi kinachowaonyesha akina mama jinsi ya kulifuma. Kijikaratasi kikabandikwa dirishani kwenye duka la nyuzi. Mwaka ule kila mwanamke wa Ossenby aliyekuwa na vidole alilifuma lile sweta. Siku ya ibada ya mavuno pale kanisani kwetu, viti vyote vya mbele vilikuwa haradali tupu, wembamba kwa wanene. Glenys, ambaye wakati huo alikuwa bado hai, akaninong'oneza, "Tazama, wote wamemvaa mwanangu."

Baada ya sweta ikaja katalogi, ile nene inayoletwa mlangoni, ambayo watu hununulia mashuka kidogokidogo. Bryony alikuwa ukurasa wa magauni ya kulalia. Doreen aliubandika kwenye friji la jibini, mteja akiuliza anajibu, "Huyo ni wetu. Nilimfuta pua mimi." Kisha London ikamwita. Akavaa makoti ya watu matajiri, akatembea kwenye jukwaa refu akiwa amekunja uso kama mtu aliyepoteza funguo, maana ndivyo walivyotaka. Watu wa wakala waliokuwa wakimtafutia kazi wakampeleka kwa bibi mmoja wa kumfundisha kuongea kama watu wa kusini. Kwa nini afundishwe kuongea mtu ambaye hatakiwi kuongea, hilo muwaulize wao.

Umri ukasogea, na umri wa mwanamitindo unasogea haraka kuliko wa maziwa. Picha zikapungua. Akapata kazi ya televisheni, mchezo wa maswali wa Jumamosi, ambako kazi yake ilikuwa kusimama kando ya zawadi na kutabasamu. Alikuwa ananipigia simu kila Jumapili.

"Juzi nilikuwa na mashine ya kufulia, baba."

"Ulisema nini?"

"Sikusema. Niliufungua mlango wake."

"Niliona. Uliufungua vizuri."

"Asante, baba."

Sasa, mwaka huo mtangazaji mmoja wa kipindi cha mchana alihamia kituo kingine bila kuaga. Mkubwa wao, bwana mmoja anaitwa Jolyon Pask, mwenye skafu hata ndani ya nyumba, akawa hana mtu. Bryony akamfuata ofisini kwake, akaomba. Pask akampa nafasi moja. Kipindi kimoja, kinarushwa moja kwa moja kutoka studio ya Leeds, watazamaji wamekaa ukumbini. Akifaulu kipindi ni chake. Asipofaulu basi hata kwenye mchezo wa maswali, kusimama kando ya friji za zawadi, hatarudi, kwani msichana wa miaka kumi na tisa alikuwa ameshapimwa gauni la kushika nafasi yake.

Alikuja nyumbani kutueleza. Nilichemsha chai, Doreen akaleta keki yake ya tangawizi inayohitaji meno mazima. Bryony alikuwa anakizungusha kikombe, hanywi.

"Anasema nina uso wa televisheni," alisema, "lakini nikifungua mdomo nakuwa baridi kama meza ya bucha."

"Nani anasema?" Doreen akauliza.

"Pask."

"Huyo mwenye skafu? Mwambie aje sokoni Januari, aone baridi."

"Anti Doreen, anasema kweli. Nikiongea kama walivyonifundisha, najisikiliza mwenyewe. Nikiongea kama nyumbani, ananiambia watu wa kusini hawataelewa. Sasa nasoma tu. Kuna kioo mbele ya kamera, maneno yanapita, nasoma."

"Basi soma, kipenzi," nilisema. "Wakubwa wakitaka usome, soma."

Akanitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama nikishusha bei mapema. "Wanataka ukumbi ujae," alisema. "Wamenipa tiketi za bure, basi zima. Mje. Lakini baba, naomba uniahidi. Mtakaa kama mko kanisani. Hakuna kuita, hakuna kushangilia kabla hamjaambiwa. Nikiharibu, niharibu peke yangu."

"Kwani mimi huwa napiga kelele?" Doreen alisema.

Bryony akamkatia kipande cha keki.

Niliahidi. Siku ya kipindi tukapanda basi, soko karibu lote. Muuza samaki alijipaka manukato juu ya samaki. Tulikuwa na sandwichi za yai, pai za nguruwe na chupa za chai za kuwatosha wanajeshi. Akina mama kadhaa walivaa yale masweta ya haradali, yaliyokuwa yamefuliwa mpaka yakawa rangi ya ukuta. Njiani waliimba. Mimi sikuimba. Nilikuwa nawaza kiti cha kando yangu, na nani angepaswa kukikalia.

Pale studio walitupanga kwenye viti pamoja na watu wengine wa Leeds na kwingineko. Kulikuwa na kijana wa kiume mwenye ubao. Akiuinua, tupige makofi, akiushusha, tuache. Nimeishi nikaona mengi ya wakubwa, lakini sikujua kwamba hata makofi yana msimamizi. Juu kabisa, nyuma ya dirisha la kioo, alionekana Pask na skafu yake, amezungukwa na watu wenye vitu masikioni.

Ubao ukainuka, tukapiga makofi, Bryony akaingia.

Alikuwa amevaa suti ya buluu, na nywele zimekaa kama zimechongwa. Alikuwa mzuri mpaka mwanamke wa kiti cha nyuma yangu akavuta pumzi. Kisha akafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa safi, imepigwa pasi, na haikuwa ya mtu yeyote ninayemjua. Aliwakaribisha watazamaji. Alieleza hali ya hewa. Alifanya utani ulioandikwa, ubao ukainuka, tukacheka kwa adabu. Nilimuona Pask dirishani akiangalia saa yake.

Mbele ya Bryony palikuwa na meza, na juu ya meza seti kamili ya chakula, kauri nyeupe yenye mstari wa dhahabu, zawadi ya mtazamaji atakayepiga simu. Mimi niliitazama ile seti kama muuza farasi anavyotazama farasi. Nzuri, si bora. Alikuwa anaanza kuieleza, "Seti hii imetengenezwa kwa mikono na mafundi wa Staffordshire, ambao," halafu akanyamaza.

Mimi nilidhani ameamua kunyamaza. Doreen ndiye aliyeniambia kwa kunong'ona, na kunong'ona kwa Doreen kunasikika mpaka barabarani, "Norman, kile kioo kimezimika. Hana cha kusoma."

Ilikuwa kweli. Kioo mbele ya kamera kilikuwa cheusi. Kijana wa ubao alikuwa anahangaika na waya. Kule dirishani mikono ilikuwa inapungwa. Nchi nzima ilikuwa inamtazama binti yangu amesimama kando ya vyombo, ametabasamu, kimya, kama walivyomfundisha miaka yote. Tabasamu likaanza kutetemeka kwenye kona. Nilizishika sehemu za kuegemeza mikono za kiti changu. Nilikuwa nimeahidi.

Sidhani alikusudia alichofanya baadaye. Ni mikono. Mtu akiogopa, mikono inakwenda inakokujua. Mkono wa kushoto ukanyooka, wa kulia ukachukua sahani kubwa ukaiweka, ikafuata ya pili na ya tatu, zikifunguka vizuri, ndogo juu ya kubwa, mabakuli yakipanda kuelekea begani, tausi kamili, na suti ya buluu ikawa haina maana tena. Akainua macho kutazama watu kama ninavyowatazama mimi nikimaliza kupanga.

Naye Doreen Sugden, ambaye kwa miaka yote aliposimama karibu na meza yangu aliona kitu hicho na kujua kazi yake, akasimama. Hakufikiri. Mkono juu, pochi imefunguka.

"Hapa, kipenzi. Nachukua mimi."

Na akaanza kushuka ngazi.

Kijana wa ubao akamkimbilia. "Mama, tafadhali, tuko hewani."

"Subiri zamu yako, mwanangu," Doreen akamwambia, akampita.

Hayo yangeweza kuishia hapo, mwanamke mmoja mzee amechanganyikiwa, matangazo yaingie. Lakini mkono wa kwanza ulikuwa umeinuka. Muuza samaki akasimama akamfuata Doreen. Wakafuata masweta ya haradali. Halafu, na hili nililiona kwa macho yangu, watu wa Leeds wasiotujua, na bwana mmoja mwenye tai ambaye hakuwahi kukanyaga soko, wakainuka kutoka viti vyao na kujipanga. Hakuna aliyesukuma. Walikuwa wanaambiana, "Samahani, ulikuwa mbele yangu?" "Hapana, wewe tangulia." Foleni ikashuka ngazi, ikakata kona kwenye kamera, ikanyooka kando ya ukuta. Mwenye kamera alijitoa kidogo ili ipite.

Bryony alikuwa amesimama na seti yote mkononi, akiwatazama. Kisha kitu kikamtoka, kicheko, kile cha tumboni cha Glenys. Aliposema tena, ilikuwa sauti ya kreti.

"Anti Doreen, weka pochi. Haziuzwi."

"Haziuzwi? Sasa umezipanga za nini?"

"Haziuzwi leo, haziuzwi kesho, akina mama. Aliyekataza zisiuzwe ni yule bwana kule juu dirishani, mwenye skafu, anayepunga mikono. Anawasalimu. Mpungieni na nyie."

Foleni nzima ikageuka ikampungia Pask. Pask, ambaye mikono yake ilikuwa juu, hakujua aishushe vipi.

Basi Bryony akaanza kutembea kando ya foleni, seti mkononi, kipaza sauti kwenye ukosi, anamuuliza kila mtu.

"Wewe bwana, umejipanga foleni ya nini?"

"Sijui, kipenzi. Nilimkuta huyu mbele."

"Na wewe umekuja kwa ajili ya sahani?"

"Mimi nilikuwa naenda chooni," alisema yule wa pili. "Nikaona nisipoteze nafasi."

"Na wewe mama, sweta hilo nalifahamu."

"Unapaswa kulifahamu. Nimelifuma nikikutazama. Mkono mmoja ulitoka mrefu."

"Ni kweli mkono wangu mmoja ni mrefu. Waliuficha kwenye picha."

Ukumbi ulikuwa unacheka na hakuna aliyekuwa anautazama ubao. Kijana mwenyewe alikuwa ameuweka chini na kucheka kwa kushika magoti. Bryony aliwauliza walichopika jana, nani aliwafunza kupanga foleni, kama wangeweza kula kwenye sahani yenye dhahabu au wangeitundika ukutani. Mtu mmoja akakiri kwamba mama mkwe wake ana seti kama hiyo na hajawahi kuona chakula juu yake. "Mama mkwe anatazama sasa hivi?" "Anatazama." "Mama, pakua." Hivyo tu. Hata mimi, ambaye nimesimama kwenye kreti maisha yangu yote, nilijikuta nimesogea ukingoni mwa kiti nikisubiri atasema nini.

Halafu akarudi katikati, mbele ya kamera. Akaitazama seti mkononi.

"Baba yangu anauza vyombo," alisema. "Hii yote anairusha hewani na kuidaka. Mimi sijawahi. Nilikatazwa, kwa sababu ya uso."

Nilielewa anakokwenda.

"Nirushe, nisirushe?"

Foleni ikanyoosha shingo. Wote walitaka, nilikuwa naona kwa mabega yao. Lakini ni watu wetu wale, hata wa Leeds ni watu wetu. Wakaanza kutazama viatu. Doreen peke yake ndiye angeinua mkono, na Doreen alikuwa amegeuka nyuma, hamtazami Bryony, ananitazama mimi.

Uso ule ndio uliomlisha. Chembe moja ikiruka, hakuna katalogi tena, hakuna koti, hakuna hata friji. Na mimi ndiye niliyeambiwa, nimekwambia, Norman. Nilitaka kusimama niseme shusha, mwanangu, weka mezani, umeshafaulu. Lakini nilimuona anavyosubiri. Hakuwa anawasubiri wao. Macho yake yalikuwa yamepita vichwa vyao vyote, yamefika kwenye kiti changu na kile cha kando yake. Kule nyumbani, mtu akisimama juu ya kreti na watu wamepoa, kulikuwa na mkono mmoja ambao haukuwahi kumuacha.

Nikainua mkono. Sikupiga kelele, ahadi nilishika. Niliuinua tu, juu kabisa, kama alivyokuwa anauinua Glenys, kiganja wazi.

Mikono yote ikainuka. Foleni, viti, mwenye kamera mmoja.

Bryony akapiga goti moja kidogo kama nilivyokuwa nikifanya mimi, bila kufundishwa, akarusha. Ziliruka zote pamoja, nyeupe na dhahabu chini ya zile taa, zikafunguka, nami niliona kwamba amezirusha juu mno. Hilo ni kosa la wanaoanza. Zilikaa hewani muda ambao kwangu ulitosha kuzeeka. Kisha zikashuka, mkono wake mmoja ukazipokea na wa pili ukazifunga, zikalia kama paa limeanguka, mwanamke wa nyuma yangu akashika kichwa chake kana kwamba amevaa kofia. Kisahani kimoja kidogo kikateleza, kikagonga meza na kupata ufa. Uso haukuguswa.

Akakiokota, akakionyesha kamera. "Hiki kimepona na kovu," alisema. "Baba, hiki ni chako."

Matangazo yakaingia. Baadaye niliambiwa kwamba simu za kile kituo zilikatika kwa wingi wa wapigaji, na kwamba wengi walikuwa watu wa kusini ambao eti hawangeelewa. Walielewa mpaka wakauliza wanaweza kuja kupanga foleni wapi.

Pask alishuka kutoka dirishani kwake. Alitukuta kwenye korido tunamaliza sandwichi za yai. Alikuwa amefungua skafu.

"Bwana Haigh," aliniambia, "mimi niliona tangu mwanzo kwamba binti yako ana kitu."

"Uliona," nilisema.

"Tutaweka foleni kila wiki. Ni wazo ambalo nimekuwa nalo muda mrefu."

Nilikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nalo tangu banda la zege, tangu hospitali, tangu enzi na enzi. Lakini Bryony alikuwa amenishika mkono, anacheka, na Doreen akaniwahi.

"Kula sandwichi, mwanangu," alimwambia Pask. "Umekonda kwa mawazo."

Akala. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumuona mkubwa akila kitu tulichotengeneza sisi.

Kipindi ni cha Bryony hadi leo. Kila wiki kuna foleni, watu wanapanda treni kuja kujipanga bila kuambiwa watapata nini, na yeye anatembea kando yao akiwachokoza kwa sauti ya nyumbani. Yule msichana wa miaka kumi na tisa alipata friji lake. Bryony akienda kule kuonekana kwenye mchezo wa maswali, lazima amuulize jambo kwanza, lolote, ili asizoee kunyamaza. Juzi alimuuliza kama friji linafunga vizuri. Msichana akasema halifungi, amelishikilia kwa kiuno wiki ya tatu. Nchi nzima ilicheka.

Halmashauri sasa wanasema wataturudisha uwanjani chini ya saa, kwa sababu ya utalii. Diwani mmoja alikuja kupigwa picha kwenye meza yangu. Nilimuuzia birika lenye mdomo mfupi. Atagundua mwenyewe.

Kile kisahani chenye ufa ninacho. Nakinywea chai asubuhi, nikimimina kidogo ipoe kama wazee wetu walivyokuwa wakifanya. Ufa hauvuji. Siku za kipindi nakipeleka kwenye kiti cha pili, kando yangu, alipokuwa akikaa Glenys, nakiweka pale na kikombe chake. Bryony akimaliza kuongea na foleni, kabla hajarusha, anauliza kama arushe au asirushe, naye anangoja. Watu wa kule studio wanadhani anawasubiri wao. Mimi nikiwa hapa nyumbani, mbele ya televisheni, nainua mkono.